Kolesteroli Nzuri: Ngao Tuliyorithi na Deni Lake

Baba yangu mdogo ni askari mstaafu, mkazi wa Buyenzi hapa Bujumbura. Jioni moja alifika kwangu na karatasi ya maabara mkononi, uso wake umekunjuka kama wa mtu aliyepandishwa cheo. Akanionyesha mstari mmoja wenye herufi tatu, HDL, na tarakimu mbele yake. "Mwanangu," akasema, "wameniambia hii ndiyo kolesteroli nzuri, na yangu iko juu. Moyo wangu ni wa kijana. Mwambie mkeo asininyime tena nyama ya kuchoma."

Tulicheka, na nyama alipewa. Lakini mke wangu, ambaye macho yake huona yale yasiyoonwa na yangu, aliitazama miguu ya mzee. Kamba za viatu zilikuwa zimelegezwa, na soksi zilikuwa zimeacha alama iliyozama katika nyama. Akamwuliza kwa upole, "Baba, miguu hii imeanza kuvimba lini?" Mzee akajibu kwamba ni uchovu tu wa kutembea juani.

Ilichukua wiki mbili za kubembelezana kabla hajakubali kwenda kupimwa mkojo na shinikizo la damu. Mkojo ulikutwa na protini nyingi, shinikizo la damu lilikuwa juu, na figo zake zilikuwa zimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Karatasi ile ya kwanza haikusema uongo. Ilisema jambo moja tu, nasi tukaifanya iseme yote.

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimejitahidi kusoma na kuwauliza wajuzi juu ya hiyo kolesteroli nzuri: ni kitu gani, hufanya kazi gani, na kwa nini watu wawili wenye tarakimu moja hupatwa na maradhi tofauti. Niliyoyakuta yalinishangaza, kwani habari yenyewe inapita katika ziwa letu hili la Tanganyika. Leo nayaleta mezani ili tujifunze pamoja.

CHOMBO NA WATUMISHI WAKE

Kolesteroli ni aina ya mafuta. Nyingi hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika ini, na nyingine hutoka katika vyakula vitokanavyo na wanyama. Si adui. Bila kolesteroli kuta za seli za mwili zisingekuwa imara, wala homoni kadhaa zisingeundwa.

Taabu ni kwamba mafuta na maji havipatani, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa sababu hiyo mwili umejiundia vyombo vidogo mno vya kubebea mafuta, mfano wa mitumbwi inayosafirisha mizigo kutoka gati moja hadi jingine. Vipo vyombo vinavyochukua kolesteroli kutoka ini na kuisambaza mwilini. Hivyo vikizidi huacha mzigo wake katika kuta za mishipa ya damu, mishipa ikawa myembamba na migumu, ndipo mzigo huo ukaitwa kolesteroli mbaya. Vipo na vyombo vingine, vidogo zaidi, ambavyo huokota kolesteroli iliyozagaa na kuirudisha ini ili itupwe au itumike tena. Hivyo ndivyo HDL, na mzigo wake ndio uitwao kolesteroli nzuri.

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Chombo cha HDL kimeundwa kwa protini, na juu yake wamepanda watumishi wengi. Baadhi yao ni vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani mwilini bila yenyewe kuisha, na ndivyo vilivyomo katika hamira vinavyofanya unga uumuke kwa saa chache.

Kimeng'enya kimoja kipandacho katika chombo hiki huitwa LCAT. Kazi yake ni kuibadili kolesteroli iliyookotwa ili izame ndani ya chombo, ipatikane nafasi ya kuokota nyingine. Kingine huitwa paraoksonasi. Hicho husaidia kuvunja mafuta yaliyoharibika, na pia hushiriki katika kuvunja sumu ya baadhi ya dawa za kuulia wadudu wa mashambani.

Je, ni nani aamuaye watumishi hao wawe wangapi na wawe hodari kiasi gani? Kwa sehemu kubwa ni urithi. Kila protini hutengenezwa kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa katika jeni, na kila jeni tunayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Akina mama wa mlimani wanalielewa jambo hili kuliko wanavyodhani. Wao hawapandi maharage ya aina moja. Huchanganya mbegu za rangi mbalimbali, wakijua kwamba mvua ikipungua aina hii itasimama, na ugonjwa ukija aina ile itaokoka. Jeni nazo zimechanganywa katika watu vivyo hivyo, na kila aina ina faida yake na hasara yake.

Mwaka 1967 madaktari wa Norway, Kaare Norum na Egil Gjone, walieleza habari ya familia moja ambamo kimeng'enya cha LCAT kilikosekana. Vyombo vya HDL vya wagonjwa hao vilikuwa vichache na vyenye umbo lisilo la kawaida, vioo vya macho yao vilikuwa na ukungu, damu yao ilipungua, na protini ilipita katika mkojo. Katika ugonjwa huo wa kurithi, kiungo ambacho mara nyingi humshinda mgonjwa mwishoni ni figo. Tazama basi: jeni moja yenye kasoro, kimeng'enya kimoja kinakosekana, na madhara yanatokea mahali ambapo mtu asingefikiri kupatazama.

TARAKIMU KUBWA SI HIRIZI

Imani ya kwamba HDL ikiwa nyingi moyo uko salama haikuzuka hivi hivi. Katika miaka ya 1970 watafiti waliokuwa wakifuatilia afya ya wakazi wa mji wa Framingham, Marekani, waliona kwamba wenye HDL nyingi walipatwa na mshtuko wa moyo mara chache kuliko wenye HDL kidogo. Jambo hilo ni kweli, na limeonekana katika nchi nyingine pia. Watu wakafikia uamuzi kwamba ukiipandisha HDL kwa dawa utauokoa moyo.

Kampuni moja kubwa ilitengeneza dawa iitwayo torcetrapib, ambayo huzuia protini inayohamisha kolesteroli kutoka chombo kimoja hadi kingine. Ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 15,000. HDL yao ilipanda kwa zaidi ya theluthi mbili. Hata hivyo Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kwa haraka, kwa kuwa waliomeza dawa hiyo walikufa wengi zaidi ya wale ambao hawakuimeza. Mojawapo ya madhara yake lilikuwa kupandisha shinikizo la damu.

Kisha mwaka 2012 watafiti wa nchi nyingi waliwachunguza watu waliozaliwa na jeni inayoipandisha HDL tangu utotoni. Kama HDL peke yake ingekuwa ngao ya moyo, watu hao wangepatwa na mshtuko wa moyo mara chache. Haikuwa hivyo. Walipatwa sawa na wenzao.

Upande wa pili kuna kijiji cha Limone, kando ya ziwa Garda nchini Italia. Baadhi ya wanakijiji hao wamerithi protini ya HDL iliyobadilika kidogo, na madaktari wa Milano waliieleza mwaka 1980. Tarakimu zao za HDL ni ndogo mno, kiasi cha kumtia daktari hofu, lakini mioyo yao na mishipa yao haikuonyesha madhara yaliyotazamiwa.

Kwa hiyo basi, kuhesabu mitumbwi iliyoko ziwani hakukuambii imebeba nini, wala kama wavuvi wake wanajua kazi. Ndivyo tulivyokosea na baba yangu mdogo: tulihesabu mitumbwi.

MALALE KATIKA IMBO

Hadi hapa nimesema habari za Ulaya na Marekani. Hata hivyo kazi ya ajabu kuliko zote inayofanywa na chombo hiki haihusu moyo. Inahusu nzi, na inatuhusu sisi watu wa Afrika.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulizivamia nchi za Maziwa Makuu. Huletwa na kimelea kidogo kinachoitwa tripanosoma, ambacho huingizwa katika damu na mbung'o. Mgonjwa huanza na homa na maumivu ya kichwa, kisha kimelea huingia katika ubongo, akili ikavurugika, usingizi ukageuka mchana kuwa usiku, na asipotibiwa hufa. Kando ya ziwa Victoria, upande wa Uganda, inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka 20 ya mwanzo wa karne hiyo. Visiwa vya Ssese vilibaki vitupu baada ya serikali ya Kiingereza kuwahamisha waliosalia.

Ziwa Tanganyika nalo halikusalimika. Burundi wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani, na mji wetu uliitwa Usumbura. Robert Koch, daktari mashuhuri wa Kijerumani, alikuwa amefanya kazi Ssese mwaka 1906 na 1907, akiwatibu wagonjwa kwa dawa ya atoksili, yenye arseniki ndani yake. Dawa hiyo iliwapunguzia wengine vimelea, na wengine iliwapofusha macho. Katika miaka iliyofuata madaktari wa Kijerumani waliendesha kampeni ya namna hiyo katika Imbo, kandokando ya ziwa letu. Wagonjwa walikusanywa kambini, tezi za shingo zikapapaswa, na vichaka vya ufukweni vikafyekwa ili mbung'o wakose kivuli. Wengine walikimbia kambi hizo, na mtu hawezi kuwalaumu.

Sasa fikiri jambo hili. Porini kuna tripanosoma za aina nyingi, na mbung'o huwauma watu na ng'ombe bila ubaguzi. Aina iletayo nagana huwaua ng'ombe kwa maelfu. Lakini mchungaji, aliyeumwa na mbung'o yule yule aliyemwua fahali wake, haugui nagana. Kwa nini?

Mfaransa Alphonse Laveran, yule aliyekigundua kimelea cha malaria, aliona mwaka 1902 kwamba majimaji ya damu ya binadamu yakitiwa katika panya mwenye tripanosoma huwaua vimelea hao. Kitu gani katika damu kiliwaua, hakuna aliyejua kwa miaka zaidi ya 70. Mwaka 1978 mtafiti Mary Rifkin wa New York alionyesha kwamba muuaji ni HDL, hiyo hiyo kolesteroli nzuri ya moyo. Mwaka 2003 watafiti wa Brussels, Ubelgiji, wakiongozwa na Étienne Pays, waliitaja silaha yenyewe: ni protini moja iliyopanda ndani ya chombo cha HDL, iitwayo APOL1.

CHAMBO NA NDOANA

Namna inavyofanya kazi itaeleweka upesi na kila aliyewahi kuvua. Tripanosoma haiwezi kujitengenezea ile sehemu ya damu yenye chuma, kwa hiyo huipora katika damu yetu. Katika chombo cha HDL mna protini nyingine ambayo hushikana na sehemu hiyo ya damu. Protini hii ni ya ukoo wa vimeng'enya vinavyokata protini nyingine, ingawa yenyewe imekwisha kupoteza makali yake, imebaki kuwa chambo. Kimelea hukiona chambo, hukimeza, na pamoja nacho humeza chombo kizima.

Humo ndani ndimo ilimo ndoana. APOL1 ikifika katika tumbo la kimelea, mahali penye uchachu, hujichomeka katika utando wake na kutoboa tundu. Chumvi na maji huingia, kimelea huvimba, na mwisho hupasuka. Kazi hiyo yote hufanyika katika damu yetu bila sisi kuhisi hata joto kidogo.

Ng'ombe na mbuzi hawana ndoana hiyo. Sokwe hana. Nyani anayo, tena iliyo kali kuliko yetu. Kwa sababu hiyo wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI mjini Nairobi walianza kazi ya kutafuta namna ya kumpa ng'ombe jeni ya nyani. Walimpata kwanza fahali wa aina ya Boran aliyezalishwa kwa njia ya nakala, wakamwita Tumaini.

Thamani ya ngao hiyo hujulikana inapokosekana. Mkulima mmoja wa jimbo la Maharashtra, India, aliugua mwaka 2004 kwa tripanosoma ya wanyama ambayo haikutazamiwa kumdhuru binadamu. Madaktari walipomchunguza walikuta kwamba nakala zake zote mbili za jeni ya APOL1 zilikuwa na kasoro, na damu yake haikuwa na protini hiyo hata kidogo. Alitibiwa akapona.

ADUI NAYE HUJIFUNZA

Askari wanajua kwamba adui akishindwa njia moja hutafuta nyingine. Aina mbili za tripanosoma zilipata njia ya kuikwepa ndoana, nazo ndizo ziletazo malale kwa binadamu. Ya kwanza ni ya Afrika Mashariki, iitwayo rodesiense. Yenyewe hutengeneza protini inayoishika APOL1 mkiani na kuifunga kama kwa pingu. Ya pili, gambiense, ni ya Afrika ya Kati na Magharibi. Hiyo huyapunguza mapokezi ya chambo na kuuimarisha utando wake.

Binadamu nao hawakubaki nyuma. Maelfu ya miaka iliyopita, katika Afrika, zilizuka aina mbili mpya za jeni ya APOL1, ambazo wataalamu wameziita G1 na G2. Mabadiliko yenyewe yako pale pale mkiani, mahali pa kufungia pingu. Mwaka 2017 watafiti waliolinganisha wagonjwa na wazima nchini Uganda waliona kwamba wenye G2 walikuwa na kinga kubwa dhidi ya rodesiense. Huko Guinea, ambako kuna gambiense, G1 ilihusiana na watu kubeba kimelea bila kuugua, lakini G2 ilihusiana na ugonjwa kuwa mkali zaidi. Jeni iliyo ngao katika nchi moja ikawa mzigo katika nchi nyingine.

DENI LA FIGO

Hapa ndipo habari inaporudi nyumbani kwa baba yangu mdogo.

Kwa muda mrefu madaktari wa Marekani walijiuliza kwa nini raia wao wenye asili ya Afrika hupatwa na kushindwa kwa figo mara nyingi kuliko wengine. Wengi walilaumu shinikizo la damu na umaskini, na mambo hayo kweli yamo. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Boston, wakishirikiana na wale wa Brussels, walitangaza kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na G1 na G2. Aliyerithi nakala moja tu hupata ngao. Aliyerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, hupata ngao pamoja na hatari ya figo iliyo kubwa kuliko ya wengine. Kati ya Wamarekani weusi 100, kama 13 wana nakala mbili. Mwaka 2024 uchunguzi uliofanywa Nigeria na Ghana ulionyesha kwamba hata nakala moja huongeza hatari kwa kiasi kidogo.

Figo nazo hutengeneza APOL1 yake zenyewe, na wataalamu wanaona kwamba hiyo ndiyo iletayo madhara, wala si ile inayosafiri katika chombo cha HDL. Ushahidi mmoja umetoka kwa watu waliopandikizwa figo: kinachoamua maisha ya figo mpya ni jeni za aliyeitoa, zaidi ya jeni za aliyeipokea. Ndiyo maana damu ya mtu yaweza kuwa na kolesteroli nzuri tele huku figo zake zinaungua kimyakimya.

Katika Afrika Magharibi aina hizo zimeenea sana. Kwetu Mashariki ni chache zaidi, na Ethiopia karibu hazipo, lakini Uganda zimeonekana. Jambo la kutia moyo ni kwamba wengi wenye nakala mbili huishi hadi uzeeni bila kuugua figo. Urithi ni kuni zilizopangwa jikoni, na moto huhitaji kiberiti. Kiberiti kinachojulikana sana ni virusi vya UKIMWI visipotibiwa. Mwenye virusi akitumia dawa zake kila siku huzikinga na figo pia.

Baba yangu mdogo hakupimwa jeni, wala haikuhitajika. Shinikizo la damu la muda mrefu peke yake latosha kuharibu figo za mtu yeyote, awe na urithi gani. Lililohitajika ni kipimo cha mkojo na kifaa cha kupimia shinikizo, vitu ambavyo ni rahisi kuliko kile kipimo cha kolesteroli alichokilipia.

Dawa za kuituliza APOL1 yenyewe zinatafutwa. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio dogo la dawa ya kumeza iitwayo inaxaplin. Wagonjwa wenye nakala mbili walioitumia kwa wiki 13 walipunguza protini katika mkojo kwa karibu nusu. Hiyo ni habari njema, lakini bado ni jaribio.

WAJIBU WETU NYUMBANI NA KAZINI

Ndugu zangu askari wa jeshi na polisi, mmezoea kukagua silaha kila asubuhi. Kagueni na miili yenu. Kila mtu mzima apime shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka, na mwenye ndugu aliyeugua figo apime mara nyingi zaidi. Shinikizo likifika 140 juu ya 90 katika vipimo vya siku mbalimbali, huo ni ugonjwa unaohitaji matibabu, hata kama mtu hasikii maumivu yoyote. Dawa zake hazikatizwi kwa sababu mtu amejisikia nafuu.

Pimeni mkojo. Kijiti cha kuchovya huonyesha protini kwa dakika chache. Mkojo wenye povu lisiloisha, uso uliovimba asubuhi, au soksi zinazoacha alama kubwa jioni ni dalili za kumpeleka mtu kwa mganga. Dalili ya mvua ni mawingu, ingawa katika figo mvua yaweza kunyesha bila wingu lolote, ndiyo sababu ya kupima kabla.

Jihadharini na dawa za maumivu. Baada ya mazoezi au ulinzi wa usiku wengi hununua vidonge vya ibuprofen au diclofenac na kuvimeza siku nyingi mfululizo. Dawa hizo zikitumiwa ovyo huziumiza figo, hasa mwili ukiwa umekaukiwa maji kwa jua na jasho.

Aliyerudi kutoka porini, awe mlinzi wa mbuga, mchungaji au askari aliyekuwa ng'ambo ya mpaka, akipata homa isiyosikia dawa ya malaria, na amwambie daktari kwamba aliumwa na mbung'o. Malale yamepungua sana: Rwanda ilithibitishwa mwaka 2022, na Kenya mwaka 2025, kwamba aina ya rodesiense si tatizo tena la afya ya umma katika nchi zao. Hata hivyo Kongo, jirani yetu, bado ndiyo yenye wagonjwa wengi kuliko nchi nyingine. Siku hizi ipo dawa ya kumeza, fexinidazole, na zama za atoksili zimepita.

Akina mama, ninyi ndio mlio na ufunguo wa chungu. Punguzeni chumvi kidogo kidogo ili ulimi uzoee. Mawese ni matamu na yana faida zake, lakini yatiwe kwa kijiko badala ya kumiminwa. Maharage, lengalenga, isombe isiyozidi mafuta, mukeke na ndagala ni chakula cha heshima. Sigara hazina nafasi, na pombe iwe kwa kiasi au isiwepo. Kutembea kwa miguu nusu saa kwa siku huusaidia moyo na hushusha shinikizo.

Tena nawaomba jambo moja, nalo lina uzito. Ugonjwa wa figo ukiingia katika ukoo, usitafutiwe mchawi, wala asilaumiwe mke kwamba ameleta damu mbaya. Katika urithi wa namna hii baba na mama huchangia sawasawa. Wazazi wawili wenye nakala moja moja, wazima kabisa, huweza kupata watoto wanne, na kila mmoja wao ana bahati moja kati ya nne ya kurithi zote mbili. Hakuna aliyekosa. Jeni hiyo hiyo yawezekana ndiyo iliyomwokoa babu yao aliyeumwa na mbung'o.

Baba yangu mdogo sasa anameza dawa zake. Ana daftari la shule ambamo anaandika shinikizo lake la damu kila Jumatatu, kwa mwandiko ulionyooka wa kijeshi, na tarehe pembeni. Figo zilizokwisha kuharibika hazirudi, lakini zilizobaki zinatunzwa, na miguu yake inaingia viatuni. Wanawe wawili, mmoja wao polisi, wamekwisha kwenda kupimwa. Mmoja alikutwa na shinikizo la juu akiwa na miaka 31, na alikuwa hajasikia lolote.

Juzi alinikuta nikiandika makala haya, akaniuliza nimeandika nini juu yake. Nikamsomea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika na hili: kama si mkeo kuitazama miguu yangu, ningekuwa bado ninaisifu ile karatasi."

Nimeandika, baba mdogo. Nawe ndugu msomaji, jioni ya leo mzee wako akivua viatu, itazame miguu yake.